Wiki Yako ya Kwanza Kolkata: Mwongozo kwa Mkristo Anayekwenda Kujitolea Kwenye Nyumba za Watoto za Mama Teresa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaamua. Umesali, umemweleza paroko au mchungaji wako, nyumbani wamekubali shingo upande, na sasa unataka kwenda Kolkata, India, ukawahudumie watoto kwenye nyumba za Wamisionari wa Upendo, shirika la Mama Teresa lililopata kibali cha Kanisa mwaka 1950. Sitakushawishi uende wala usiende. Ninachotaka ni ufike na karatasi zilizokamilika, ujue kwamba kazi ya kwanza utakayopewa huenda ikawa kufua, na usiwe mzigo kwa wanawake utakaowakuta pale.

Hao wanawake ndio wa kuwaweka akilini tangu mwanzo. Nirmala Shishu Bhavan, nyumba ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1955, haiendeshwi na wageni wa kujitolea. Inaendeshwa na masista pamoja na wanawake wa Kolkata walioajiriwa, ambao kila mtu huwaita mashi, kama sisi tunavyomwita mtu mama mdogo. Mashi ndiye anayejua nani anakula polepole, nani akilia anataka kugeuzwa ubavu, nani hapendi kushikwa kichwa. Wewe utakaa wiki mbili, tatu, labda mwezi. Mtoto anamhitaji mtu yule yule leo, kesho na mwakani, na mtu huyo huwezi kuwa wewe. Unachoweza ni kuchukua ndoo mkononi mwa mashi ili yeye abaki na mtoto. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na jambo hilo moja.

Kabla ya kununua tiketi

Anza na viza. Mtanzania au Mkenya anaweza kuomba viza ya India kwa njia ya mtandao kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Viza ya utalii ya aina hiyo inaruhusu kazi ya kujitolea ya muda mfupi, usiozidi mwezi mmoja, isiyo na malipo yoyote. Ukitaka kuhudumu zaidi ya hapo, nenda ubalozi wa India, Dar es Salaam au Nairobi, ukaulize viza inayofaa, usibahatishe. Na soma anuani ya tovuti herufi kwa herufi. Wako madalali wenye kurasa zinazofanana sana na ile ya serikali, na bei zao ni za kuumiza.

Kwenye fomu andika kile unachokwenda kufanya: kazi ya kujitolea ya muda mfupi. India ina viza maalumu ya wamisionari, na masharti yake ni mengine kabisa. Kijana anayemwambia ofisa wa uhamiaji kwamba amekuja kueneza Injili, huku ameshika viza ya utalii, anajitafutia kurudishwa. Sisemi udanganye. Nasema usijipe cheo ambacho hukuombea kibali, na tutalirudia hili mbele.

La pili ni kadi ya njano. Maofisa wa afya wa India hawana mzaha na homa ya manjano kwa abiria wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, zikiwemo Kenya na Uganda. Mtanzania naye aibebe tu, maana mara nyingi safari yake itapitia Nairobi au Addis Ababa. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Ukichanjwa mara moja inatosha maisha yote, ndivyo ilivyo tangu 2016. Asiye na cheti anaweza kutengwa hadi siku 6, na hizo ni siku ambazo ulikuwa umewaahidi watoto.

Ukiwa kwa daktari, ulizia pia homa ya ini, homa ya matumbo na pepopunda. Kama una kikohozi kisichoisha, pima kifua kikuu kabla hujaondoka. Tumezoea kuhofia tutaambukizwa nini kule, tukasahau kwamba sisi ndio tunaoingia kwenye chumba cha watoto wachanga.

Chukua cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu. Kenya wanakitoa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, na kila mtu anakiita "good conduct". Tanzania kinatolewa na Jeshi la Polisi. Ongeza barua ya paroko au mchungaji. Hata usipoulizwa, nyumba yoyote ya watoto inayofaa ina haki ya kuuliza, na mimi humshangaa mtu anayekwazika akiulizwa. Kinyume chake ndicho cha kukutia wasiwasi: kituo kinachokupokea bila swali lolote, popote duniani, kinampokea kila mtu vilevile.

Fedha: masista hawatozi ada ya kujitolea na hawalipi posho. Malazi, chakula na nauli ni juu yako. Kwa hiyo akitokea mtu WhatsApp akikuahidi "nafasi" kwa Mama Teresa kwa malipo, huyo anakuuzia kitu kisicho chake.

Msimu nao uutazame. Desemba hadi Februari hali ya hewa ni tulivu, asubuhi unaweza kuhitaji sweta. Aprili na Mei ni joto la kukaribia nyuzi 40 na unyevu kuliko hata Tanga au Mombasa mwezi Februari. Juni hadi Septemba ni masika yao. Mitaa hujaa maji, na nguo hazikauki.

Begi liwe jepesi. Gauni au suruali pana za pamba, mashati yenye mikono, kandambili zisizoteleza kwenye sakafu yenye maji, kanga mbili (za kujifunga, kujifutia, kujifunika kwenye ndege), na kitana. Hereni za kuning'inia, bangili na kucha ndefu viache nyumbani: vitamkwaruza mtoto, au mtoto atavivuta. Rasta na mabutu yafungwe nyuma.

Kufika na kupata pa kulala

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Wengi huunganisha Mumbai, Delhi, Doha au Dubai. Saa za India ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu huwachanganya watu, kwa hiyo rekebisha simu mapema. Ukishatoka uwanjani, chukua teksi ya kulipia kabla kwenye dirisha la ndani, upewe risiti, badala ya kupatana na mtu anayekuvuta mkono nje.

Wageni wengi wa kujitolea hulala mtaa wa Sudder na vichochoro vyake, karibu na Jumba la Makumbusho la India na kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Park Street. Gesti zake ni za kila aina. Lipia usiku mmoja au mbili tu kwanza, ukaone chumba, choo na kitasa cha mlango, ndipo upatane bei ya wiki. Kutoka hapo hadi nyumba mama ya shirika, kwenye barabara ya A.J.C. Bose, unatembea chini ya nusu saa.

Itembee njia hiyo jioni ya kwanza, kungali mwanga. Kesho utaipita alfajiri ukiwa na usingizi, na kando ya barabara kutakuwa na watu waliolala na familia zao. Wasichana watembee wawili au zaidi. Gesti haziishi wageni wanaokwenda Misa ileile, waulizie usiku.

Mtaani humo kuna mchezo mmoja wa zamani. Mama mwenye mtoto mgongoni atakuomba, si pesa, bali kopo la maziwa ya unga kutoka duka fulani. Ukishanunua na kuondoka, kopo linarudi dukani na pesa zinagawanywa. Sisemi mama huyo hana shida, shida anayo. Lakini kama umekuja na hamu ya kutoa, ivumilie hadi umjue mtu.

Maji ni ya chupa yenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Chakula utakizoea upesi, maana chapati, dengu, pilau, sambusa na chai ya maziwa si vitu vya kumtisha mtu wa pwani. Jihadhari na matunda yaliyokwisha kukatwa na juisi za mtaani katika siku za mwanzo. Tumbo likiharibika, usiende kazini kwa kujikaza. Hapo kujikaza ni kuwapelekea watoto ugonjwa.

Kujisajili

Usajili hufanyika Shishu Bhavan yenyewe, alasiri. Kwa miaka mingi siku zimekuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, lakini ratiba hubadilika, kwa hiyo pita nyumba mama uulize kwanza. Beba pasipoti. Sista atataka kujua utakaa muda gani, unajua lugha zipi, una ujuzi upi, kisha atakupangia nyumba na kukupa kibali chako.

Taja ujuzi wako bila kuuongezea chumvi. Kama ni muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, au unajua lugha ya alama, sema. Kama unajua kushona, sema pia, kwani nguo za watoto zinachanika kila siku. Na kama hujui chochote zaidi ya kufagia, sema hivyo kwa uso mkavu. Watu wa kufagia wanatafutwa.

Usiende na sharti la "mimi nataka watoto tu". Shirika lina nyumba kadhaa mjini. Shishu Bhavan ni ya watoto. Daya Dan ni ya watoto wenye ulemavu. Prem Dan inapokea wagonjwa na wazee. Nirmal Hriday, iliyoko Kalighat, ndiyo ya mwaka 1952 kwa ajili ya watu waliokuwa wakifia barabarani. Unaweza kupangiwa popote, na hasa wanaume wasishangae wakipelekwa kwa wagonjwa wanaume. Ulikuja kuhudumu, anayejua pengo liko wapi ni sista.

Asubuhi ya kwanza

Misa ni saa 12 kamili asubuhi, nyumba mama. Viatu vinabaki nje ya kanisa, na ndani hakuna mabenchi: unaketi chini kama masista. Madirisha yanaangalia barabara kuu, hivyo utasikia honi kuliko mahubiri. Ukutani, pembeni mwa msalaba, yameandikwa maneno ya Yesu "Naona kiu", kama ilivyo kwenye kila kanisa la shirika hili. Kaburi la Mama Teresa, aliyefariki Septemba 5, 1997 na kutangazwa mtakatifu mwaka 2016, liko ghorofa ya chini. Utapata muda wa kukaa hapo siku nyingine.

Kama wewe ni Mlutheri, Mwanglikana, Mmoraviani au mlokole, karibu kwa amani. Kujitolea hakudai uwe Mkatoliki, na wanakuja hata wasio na dini. Misa si lazima. Ukihudhuria, wakati wa komunyo baki ulipoketi. Hakuna atakayekutolea macho.

Saa 1 kuna chai, mkate na ndizi kwa wote, sala fupi ya pamoja, kisha makundi yanatawanyika kila moja na nyumba yake. Kazi huanza saa 2 na kwenda hadi kama saa 6 mchana, na katikati kuna mapumziko ya chai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe utakabidhiwa siku hiyohiyo, dakika kumi baada ya kuvaa aproni, na litakuwa beseni.

Mafuriko ya nguo kwenye nyumba ya watoto hayaelezeki hadi uyaone: nepi, shuka, mablanketi, bibu, nguo za jana. Sehemu kubwa hupita kwenye mikono. Usijitupe tu. Simama kidogo uangalie mashi wanavyofanya, maana kuna mpangilio: maji ya kwanza ni ya kuondoa uchafu, ya pili ya sabuni, ya tatu na ya nne ya kusuuza, na nguo zenye kinyesi hazichanganywi na nyingine. Ukitia shuka kwenye beseni lisilo lake, umemfanya mtu aanze upya. Mablanketi hukamuliwa na watu wawili, kila mmoja ameshika ncha yake na kusokota upande wake, hadi maji yaishe kuchuruzika. Kisha ndoo zinapandishwa juu ya paa kuanikwa. Mgongo utauma. Unapoinama, kunja magoti badala ya kukunja kiuno, na badilishana kazi na mwenzako kabla hujachoka.

Watu wengi hukata tamaa hapa. Wamesafiri maelfu ya kilomita, wamechangiwa na jumuiya, halafu wanageuka dobi. Mimi naona hii ndiyo sehemu safi zaidi ya kazi yote, kwa sababu haina namna ya kumdhuru mtoto. Shuka likikauka, mtoto analala pakavu, na mashi ana saa nzima ya ziada.

Ukiambiwa umlishe mtoto

Hapa twende taratibu, kwa sababu watoto wengi utakaowakuta, hasa Daya Dan, wana mtindio wa ubongo au ulemavu mwingine unaofanya kumeza kuwe kazi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kupaliwa kwa kijiko kimoja kilichotiwa vibaya, na chakula kikaingia mapafuni bila hata yeye kukohoa sana.

Kwanza muulize mashi: huyu anakula nini, kizito kiasi gani, na kwa mkao gani. Usibadilishe chochote kwa sababu kwenu mnafanya vingine. Mkalishe wima, mgongo umeegemea, kichwa katikati, kidevu kimeshuka kidogo kuelekea kifuani. Kosa linaloonekana mara nyingi kwa wageni ni kumlaza kichwa nyuma ili chakula "kiteremke". Kitateremka kweli, ila kwenye njia ya hewa.

Keti uso kwa uso naye, usawa wa macho yake, si umesimama juu yake. Jaza kijiko nusu tu. Kilete kutoka mbele, usawa wa mdomo, ukiguse ulimi kidogo, kisha usubiri afumbe midomo mwenyewe. Sasa tazama koo. Utaona linapanda na kushuka. Wengine humeza mara mbili kwa kijiko kimoja. Hadi hapo, kijiko cha pili kikae sahani. Akikohoa, macho yakilowa, au sauti ikiwa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha na umwite mashi mara moja. Akimaliza, abaki wima kwa kama nusu saa.

Sahani ya uji wa mchele inaweza kuchukua dakika 40. Kandokando yako kuna mashi anayelisha watatu kwa muda huohuo, na bila yeyote kupaliwa. Usijilinganishe naye, na usijaribu kumkimbiza.

Maneno machache ya Kibengali yatakusaidia kuliko Kiingereza chako chote: jol ni maji, bhat ni wali, esho ni njoo, bosho ni kaa, aste ni polepole. Andika kwenye kiganja kama lazima. Na mashi usimwite kwa jina lake hata ukilijua. Mwite mashi, hata akiwa rika lako.

Mtoto akikung'ang'ania

Kabla wiki haijaisha, yuko mtoto atakayekuchagua. Atakukimbilia mlangoni, atapanda mapajani, atalia ukiondoka saa 6. Moyo utakuambia huyo ndiye sababu ya Mungu kukuleta Kolkata.

Tulia. Mtoto aliyelelewa na mama yake humwogopa mgeni, huficha uso begani kwa mama hadi amzoee. Mtoto anayemrukia mtu yeyote aliyeingia mlangoni ana hadithi nyingine. Ni tabia inayojulikana sana kwa watoto waliokulia vituoni. Utafiti wa Bucharest ulioanza mwaka 2000, uliowafuatilia watoto wa vituo vya Romania na wenzao waliohamishiwa kwenye familia za kulea, ulionyesha wazi jinsi kukosa mlezi mmoja wa kudumu kunavyoathiri akili na mahusiano ya mtoto. Kila mgeni anayejenga mapenzi makubwa na kuondoka baada ya siku 14 anaongeza jeraha juu ya kovu. Ndiyo maana Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwenye azimio la Desemba 2019 kuhusu haki za mtoto, liligusia hadi madhara ya watu kujitolea kwenye vituo vya yatima.

Basi ufanyeje, umsukume? Hapana. Mpokee, cheka naye, kisha mrudishe kwa mashi: "Twende tukamwonyeshe mashi." Acha mashi ndiye ampe pipi, ndiye ambembeleze akiumia. Cheza na watatu wanne kwa pamoja badala ya mmoja. Usimlaze. Usimpeleke peke yake chumbani, chooni au juu ya paa. Muwe mnaonekana na mtu mzima mwingine saa zote. Hii inamlinda yeye, na inakulinda wewe pia.

Usimwite yatima, wala usiandike hivyo ukiwaandikia nyumbani. Ripoti ya Save the Children ya mwaka 2009 ilieleza kwamba walau watoto 4 kati ya 5 wanaoishi vituoni duniani wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hali ya mtoto uliye naye huijui, na si kazi yako kuichunguza. Kwetu nako mwelekeo umebadilika: Kenya ina mkakati wa kitaifa wa 2022–2032 wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia. Na ndugu wakikuuliza kama unaweza kuwatafutia mtoto wa kuasili, jibu ni fupi, masista hawa waliacha huduma ya kuasilisha watoto nchini India mwaka 2015.

Sala, mahubiri na mdomo wako

Sali upendavyo. Rozari mfukoni, Biblia gesti, kuabudu Ekaristi jioni nyumba mama. Lakini usihubiri kwa watoto, kwa mashi, wala kwa wauza chai, na usigawe vijikaratasi. Mashi wengi ni Wahindu au Waislamu. Viza yako haikuruhusu, na majimbo kadhaa ya India yana sheria kali kuhusu kubadilisha watu dini. Wewe utapanda ndege. Watakaobaki kujibu maswali ni masista. Desemba 2021 serikali ilikataa kuhuisha kibali cha shirika hili cha kupokea fedha kutoka nje, kibali ambacho kilirudishwa Januari 2022. Kwa mtu wa kawaida hiyo ilikuwa habari ya gazetini. Kwa nyumba inayonunua maziwa kila asubuhi, ni jambo jingine.

Ukiwa na kiu ya kushuhudia, kuna sakafu.

Picha, zawadi na fedha

Picha ndani ya nyumba hizi zimekatazwa. Usitafute upenyo: usimpige mtoto picha ya kisogo, usipige picha ya mikono tu, usiombe "moja ya kumbukumbu". Waliokuchangia nyumbani waambie mapema kwamba hakutakuwa na picha za watoto, ili usije ukabanwa. Wapigie picha ya barabara, ya chai kwenye kikombe cha udongo, ya miguu yako iliyovimba.

Zawadi zisiende mkononi mwa mtoto. Ukimpa mmoja mdoli, umeacha ugomvi wa wiki nzima kwa mashi. Peleka kwa sista, naye ataamua. Vivyo hivyo fedha: michango ya wageni wa nje iko chini ya sheria, kwa hiyo ikabidhiwe ofisini na upewe risiti. Usimpenyezee mashi noti kwa siri hata kama unamwonea huruma. Utamweka pabaya mbele ya wenzake.

Macho ya watu

Utatazamwa. Kwenye basi, sokoni, dirishani. Watu weusi si wengi Kolkata, na wapo watakaosema neno la kukera au kukunyima chumba kwa kisingizio. Wapo pia watakaokualika chai kwa sababu wamefurahi tu. Watoto watagusa nywele zako, watasugua mkono wako waone kama rangi inatoka, na mashi watacheka. Kwa watoto cheka nao. Kwa mtu mzima anayekudharau, ondoka, hukuja kumfundisha.

Alhamisi, na siku za kuchoka

Alhamisi ni siku ya mapumziko kwa wa kujitolea. Pumzika kweli. Fua zako, lala, kaa kaburini kwa Mama Teresa kukiwa kimya, piga simu nyumbani. Wengi hulia siku hiyo, na hakuna haja ya kulitafutia tafsiri ya kiroho: umeamka alfajiri siku kadhaa mfululizo na umeona mengi. Homa ikikupanda, pima malaria na denge, zote zipo mjini, na mjulishe sista kuwa huji. Asiyetoa taarifa anaacha pengo kwenye mpangilio wa watu wa kulisha.

Kuaga

Mwambie sista tarehe yako ya mwisho siku ile ile unayojisajili, na uikumbushe siku mbili kabla. Watoto wakubwa wanaoelewa waambiwe na mashi, kwa maneno ya mashi. Usimwahidi mtoto kwamba utarudi, hata kama tiketi ya mwakani umeshaitazama. Siku yenyewe fanya kazi hadi mwisho kama kawaida, fua aproni uliyovaa uiache juu ya kamba, waage mashi mmoja mmoja kwa mikono miwili, kisha shuka ngazi. Ukitaka kuendelea ukiwa nyumbani, shirika hilohilo lilifungua nyumba yake Tabora mwaka 1968, ya kwanza barani Afrika, na huko Mtanzania hahitaji viza wala kadi ya njano.